Nimemwigiza Mdogo Wangu Darasani

Shangazi, shikamoo, naomba unisaidie maana jambo hili limenikaba, mimi ni baba wa makamo, elimu yangu ya kuungaunga, nagawa dawa kliniki ya VVU na sasa tumechaguliwa wachache tunafundishwa utafiti, wanasema huwezi kumuuliza mtu vidonge ukaacha kumuuliza moyo. Kwenye mazoezi tunakaa wawiliwawili, mmoja mtafiti, mwingine mgonjwa wa kubuni. Mimi kubuni sijui, nikamchukua mdogo wangu mzimamzima, anatumia dawa hizo na nyumbani siri hiyo tunaijua mimi na yeye tu, nikaeleza anavyojifungia, anavyozima simu, hata neno lake, "Kaka, mimi nawajazia nafasi tu." Mwalimu akasema, "Mzee, wewe ni msanii uliyepotea njia," darasa likapiga makofi nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Jumatatu wanataka nirudie mbele ya kamera, wafundishie wengine.

Ila kuna kitu kinanishangaza Shangazi, mwenzangu aliniuliza, "Ukiamka asubuhi, cha kwanza unawaza nini?" nikakwama, ndugu yangu wa tumbo moja na sijui. Akauliza kama nimewahi kutamani kufa, nikajibu hapana harakaharaka, na tangu hapo najiuliza ile hapana ilikuwa yake au yangu. Nataka kumuuliza, naogopa nitamtia wazo, na nikimwambia nilivyomtangaza atanifungia mlango. Nifanyeje?

Kaka Mtu

Marahaba, mwanangu. Siri ya mtu si shati la kuazima. Uliambiwa ulete mgonjwa wa kubuni, ukaleta wa damu, na makofi ukayapokea. Mwambie mwalimu leo, usingoje Jumatatu, kwamba hurekodiwi na hadithi ile isirudiwe. Usimtaje mtu, sema tu si yako kuitoa. Akinuna, anune.

Lakini umekwama kwenye swali na ukataka kujua, hapo nakusifu. Hofu yako iache: kumuuliza mtu kama anawaza kufa hakumtii wazo, mara nyingi humtua mzigo. Nenda kwake leo. Kiri kwanza, asije akakufungulia moyo bila kujua ulivyoutembeza. Akikasirika, kaa hapohapo. Kisha muulize waziwazi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, nenda naye siku hiyohiyo kwa mganga wake wa kliniki, mkaeleze ya dawa na ya moyo pamoja. Akisema hapana, muulize lile la asubuhi.

Na akikaa kimya, subiri. Safari hii usimjibie.