Mtihani Mmoja Uliobaki

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache na sare yako ikiwa imepigwa pasi, imetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, tayari kwa mtihani wa mwisho wa vitendo. Ipo pale pale. Hakuna aliyekatazwa kuiondoa, ila hakuna anayethubutu.

Wodini walikuita Sista Taratibu, kwa sababu hukuwahi kumchoma mtoto sindano bila kwanza kukaa naye ukasikiliza habari za paka wao na za shule. Wenzako walinung'unika kwamba unachelewesha kazi. Ulichelewesha kweli, na wala hukuona haya.

Ulipoamua, na umri ule, na stashahada yako ya miaka mingi, kurudi darasani kutafuta shahada ya uuguzi, Bibi alikuuliza kama akili zako ni nzima. Ulimjibu kwamba bila shahada hawatakupa wodi ya watoto uiongoze, na wewe wodi ile ulikuwa unaitaka. Ulisema hivyo bila kuzunguka. Basi ukawa unatoka zamu, unavua viatu, unatandaza vitabu kwenye meza ya chakula, na sisi tunakula tumepakata sahani.

Nyumba nzima tukawa wagonjwa wako. Ukitaka kufanya mazoezi, Bibi alijilaza mwenyewe kwenye kochi akauliza, "Leo naumwa nini?" Ukimpa kisukari, alilalamika kiu mpaka tukaamini. Baba ndiye aliyezidisha: hata ulipompa kuteguka kifundo cha mguu, alikohoa. Mdogo wangu ulimfunga bendeji kichwani akaenda nayo dukani, watu wakampa pole njia nzima.

Kumbe tulichojifunza ni kuumwa tu. Saratani ilipokushika tumboni, na ukasoma majibu ya vipimo vyako kabla daktari hajafungua mdomo, tulibaki tumekizunguka kitanda, huyu kashika mto, yule kashika glasi ya maji, hakuna anayejua akufanyie nini. Wewe mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa inakwisha, ndiye uliyetuelekeza namna ya kukugeuza. Baba alikosea, akakuvuta mkono badala ya kuvuta shuka. Ulisaga meno kwa maumivu, kisha ukamwambia, "Baba watoto, hapo ningekukata maksi." Alicheka. Halafu akatoka, akaenda kukaa kibarazani peke yake, na hakuna aliyemfuata.

Uliomba kitu kimoja tu, upate nguvu za siku moja ukaufanye mtihani ule. Hatukuwa nazo za kukupa. Hilo linatuuma mpaka leo, Mama, tena linauma vibaya. Tulikuwa tayari kufanya lolote, na hapakuwa na lolote la kufanya.

Chuoni walisikitika sana, lakini wakasema sheria ni sheria, bila mtihani ule hakuna shahada. Baba hakubishana nao. Siku ya mahafali hakutuaga. Alivaa koti lake, akaenda, akakaa kwenye viti vya wazazi. Aliyetusimulia ni mwenzako wa darasani. Anasema wauguzi walipotakiwa wasimame watunukiwe shahada zao, Baba naye alisimama, kule kule nyuma. Wakatunukiwa, wakapigiwa makofi, wakaketi. Yeye akabaki wima, ukumbi mzima ukimtazama, mpaka mama mmoja asiyemjua alipomshika mkono akamketisha.

Aliporudi nyumbani tulimuuliza alikuwa anafikiria nini. Akatutazama, akasema, "Sasa ningefanya nini?"

Na sisi hatujui, Mama.

Unakumbukwa na mume wako. Mama mkwe wako, ambaye siku zote alikuita mwanangu. Watoto wako watatu. Kaka na dada zako. Na wenzako wote wa wodi ya watoto. Tutakukumbuka kwa siku zote tutakazojaliwa.