Wimbo Uliomtangulia Kabula

Milembe mjukuu wangu, marahaba. Hapa Samuye hatujambo, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Unauliza kama nawe uirushe ile picha ya kumcheka mwenzako, maana darasa zima wameshairusha kwenye simu zao.

Nilipokuwa msichana, kwenye ngoma za mavuno, manju mmoja alimtungia rafiki yangu Kabula wimbo wa kumkejeli. Baadaye akajuta, akatuomba tusiuimbe tena. Lakini wachunga ng'ombe walikuwa wameshaondoka nao. Kabula alipoolewa Kagongwa, aliwakuta watoto wa huko wanauimba.

Mama mkwe wake akatoka nje, akawaambia: "Wimbo huu umefika kwangu, na kwangu hautoki."

Jina la yule manju nimelisahau. La mkwewe, Kabula hulitaja kila tukionana.

Mimi bibi yako,
Nyamizi