Moto wa Mchana Juu ya Wamaza

Baba mupenzi,

Shikamoo, na salamu kwa wote nyumbani. Huku Wamaza tu wazima.

Jana dada yako, shangazi Zaina, alikataa tena kuhamia kwetu Kasongo. Tulikuwa uani tunaanika pamba tunayolimishwa na serikali, jua kali, bila wingu. Mara akainua uso, yeye asiyeona miaka yote hii, akauliza: «Nani iko anakaanga kitu kule juu?» Nikacheka. Kisha nami nikasikia kama mafuta mu karai, na moto mweupe kushinda jua ukapita juu yetu kuelekea Salamabila. Kila mutu akawa na vivuli viwili, na kile cha pili kikatuzunguka miguuni kama kitu chenye uhai. Kuku wakanyamaza. Baadaye sana ndipo mngurumo ukaja, ukatikisa vyungu.

Shangazi akaninong'oneza: «Kile kitu kimekwenda?»

«Kimekwenda, shangazi.»

«Hapana. Iko kinasimama hapa.»

Alfajiri nilimkuta amefunga mizigo yake mwenyewe. Kesho tunaanza safari. Umutayarishie chumba kando ya chako, maana hataki kulala peke yake.

Mungu awafunike kwa amani,
Mwanao Halima