Vidole vya Ruthi

Jumatatu, 8 Aprili 1974
Ruthi wangu kaanguka kutoka mperani! Kaangukia mkono wa kulia. Kiwiko kimevimba, kimepinda vibaya, hataki hata niuguse. Analia — mtoto ambaye kwa miaka yake sita hajui kulialia. Nikataka tumpeleke zahanati. Mama mkwe akakataa: watampa nini zaidi ya aspirini? Mzee Sefania ndiye aliyeunga mguu wa mume wangu, na leo Aminiel anakata mkonge huko bondeni kama wenzake. Kweli tupu. Mzee akaja, akauvuta mkono, akaufunga kwa vibanzi vya mianzi na kitambaa, akakaza. Kelele za mtoto zilivuta majirani wote.

Jumanne, 9 Aprili
Hakulala. Vidole vimevimba, vya baridi kama ametoka mtoni. Nikimnyoosha kimoja tu anapiga yowe. Nimemwomba mzee alegeze. Kasema akilegeza mfupa utaunga upande, nivumilie. Mvua haikatiki.

Jumatano, 10 Aprili
Asante Mungu! Ruthi ametulia. Amekunywa uji, amecheka na bibi yake. Mkono hauumi tena, anasema. Na mimi nimepata usingizi.

Alhamisi, 11 Aprili
Ncha za vidole zimekuwa nyeusi. Nimembeba mgongoni, sikumuaga mtu. Eliamini, mganga wa zahanati, alikata kitambaa palepale. Nikamwambia, afadhali maumivu yamekwisha tangu jana. Akasimama na mkasi mkononi. Mama Ruthi, akasema taratibu, kukwisha huko ndiko kubaya. Damu haifiki. Na mimi nilishukuru! Nilishukuru!
Akaulaza mkono kwenye ubao, akaufunga kwa kulegeza. Barabara imeporomoka, hakuna gari linalopanda kijijini kwetu Suji. Mimi na Eliamini tumeteremka kwa miguu kwenye tope, tukipokezana mtoto.

Ijumaa, 12 Aprili. Same, hospitali
Daktari anasema mtoto akivunjika kiwiko, kwanza unatazama vidole. Vina joto? Rangi yake je? Anavichezesha? Kwanza vidole, ndipo mfupa. Mimi vidole niliviona! Kila siku niliviona, nikavifunika na khanga visipate baridi.
Huenda wakaukata mkono. Wakichelewa, anasema, watampoteza mtoto mwenyewe. Mama mkwe naye katuma mtu mbio: mtoto asiguswe mpaka baba yake afike. Nimempelekea Aminiel habari kwa dereva wa lori la mkonge. Hajatokea. Daktari anataka neno langu sasa. Mkono wa kulia — wa kulia!
Daktari amerudi na sindano, anachoma kidole kimoja kimoja, anamtazama usoni. Ruthi amefumba macho kwa nguvu, ameng'ata pindo la khanga yangu, anangoja.
"Mama," ananiuliza, "ataanza lini kunichoma?"