Vidole Vinne Juu ya Neti

Jumatatu, 29 Agosti 1988

Tumekimbia tena hadi mtoni na kurudi. Mwalimu Kilonzo, kocha wetu, hana dawa nyingine. Ukipiga smashi nje, mbio. Ukichelewa, mbio. Ukimwomba akufundishe kuruka, mbio. Hapa Kwa Vonza kila mtu anaamini Mkenya akikimbia vya kutosha atapata chochote. Lakini neti haiko mbali. Iko juu.

Mchujo wa voliboli ni tarehe moja Oktoba, Kitui mjini. Timu ya shirika fulani la Nairobi inatafuta wasichana wawili. Atakayechukuliwa anapewa jezi na kazi. Kazi! Mimi nimemaliza shule mwaka juzi na tangu hapo nachambua mbaazi. Shida ni kwamba mimi ni mfupi. Syombua, mwenzangu kwenye timu, akinyoosha mkono tu ameshafika neti.

Jumatano, 31 Agosti

Nimeanza mazoezi yangu mwenyewe, nyuma ya ghala. Nachovya vidole kwenye jivu, naruka, naacha alama ukutani. Ukuta haubembelezi mtu. Nahitaji upana wa vidole vinne juu ya alama ya leo ili kiganja chote kipite neti.

Nimeanza na kuruka kichura. Watoto wa jirani wakaja kutazama. Wakaniuliza nimeadhibiwa kwa kosa gani. Shuleni kwao hivyo ndivyo wanavyofanywa wachelewaji. Mama akatoka, akaniona nimechuchumaa vumbini, akarudi ndani. Magoti yanauma. Alama palepale.

Jumamosi, 3 Septemba

Gunia. Nimelijaza mchanga nusu, nikalifunga kwa mukwa, kamba ikakaa kwenye paji la uso kama tunavyobeba maji tangu utotoni. Nikapanda kilima na kushuka. Sikufikiri hata kidogo. Mkamba akiambiwa abebe, kichwa kinatangulia.

Sasa shingo imekauka, mgongo umepinda, na miguu haijui kama kulikuwa na kazi. Kama mukwa ungefundisha mtu kuruka, akina mama wote wa huku wangekuwa wanagusa mawingu. Nimejikasirikia mpaka nimelia.

Jumanne, 6 Septemba

Gunia liko mabegani. Nachuchumaa polepole, nainuka kwa nguvu. Mara chache tu, halafu nakaa mpaka pumzi irudi. Hapa mapaja ndiyo yanayolia. Vizuri, yalie. Kisha napanda jiwe kubwa mguu mmoja mmoja, nimebeba ndoo. Kichura nimekiacha. Mbio nakimbia ili Mwalimu anyamaze.

Mke wa mchungaji amemwambia Mama kwamba kaptura yangu inawakwaza waumini. Sasa navaa sketi juu yake. Nadhani Mungu ameridhika.

Jumatatu, 19 Septemba

Vidole viwili vimepatikana!

Lakini kuna kitu kimenisumbua. Kila Jumatatu alama yangu iko juu. Kila Ijumaa iko chini hata nikijikaza. Nimewaza asubuhi yote. Mwishowe nimeona. Jumapili hatushiki jembe, hatubebi kitu, tunakaa kanisani mpaka makalio yafe ganzi. Kumbe miguu inapata nguvu ikiwa imekaa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Hapa kupumzika ni kwa wagonjwa na wazee.

Nimeamua. Alhamisi na Ijumaa kabla ya mchujo sishiki chochote. Nimemwambia Mama. Akasema sawa, akaendelea kupepeta. Sikutarajia iwe rahisi hivyo.

Jumamosi, 24 Septemba

Mama amemtaja Musyoka tena wakati wa kula. Kaka yangu alienda Mombasa kwa wiki mbili kutafuta kazi. Huu ni mwaka wa tatu. Barua haipo, salamu hazipo. Kila nikianza kuzungumza juu ya Nairobi, Musyoka anawekwa mezani. Nimechoka kulipia safari ya mtu mwingine.

Jumanne, 27 Septemba

Vidole vinne. Nimerudia ili nisijidanganye. Vinne kamili. Nimekaa chini ya ukuta nikicheka peke yangu.

Furaha haikufika jioni. Mama ameniambia mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanakuja kwetu Alhamisi na Ijumaa, kuchimba matuta. Wiki hiyo haikuwa yetu. Kikundi huenda boma kwa boma, na sisi tulikuwa baada ya mchujo. Mama anasema zamu imebadilika. Imebadilikaje? Akaingia jikoni.

Na mwethya ukija kwako huwezi kulala. Wenye shamba ndio wanaotangulia asubuhi na ndio wanaobeba mawe makubwa. Hata aliyejifungua juzi hutoka akae pembeni aonekane. Nimemkumbusha kwamba siku hizo nilisema ni za kupumzika.

“Kupumzika na wewe si mgonjwa? Basi lala. Hao watu nitawaambia wewe ni mchezaji.”

Namchukia akiongea hivyo. Najua nitaenda, na yeye anajua.

Alhamisi, 29 Septemba

Mawe. Udongo mgumu kama sakafu. Wanawake wameimba siku nzima, mimi nimehesabu maumivu. Nilijaribu kuomba nikae jikoni nipike muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mama akasema jikoni kuna watu wa kutosha.

Syombua alipita. Akaniambia niende kwao nikalale, nisirudi kesho. Nilimwangalia Mama akisukuma jiwe peke yake huku wenzake wakimtazama, kisha wakinitazama mimi. Nikakataa. Mjinga mimi.

Ijumaa, 30 Septemba

Matuta yameisha. Miguu pia.

Jumamosi, 1 Oktoba

Smashi ya kwanza, kwenye neti. Ya pili, kwenye neti. Ya tatu nilijua kabla sijaruka. Miguu ilisukuma, ardhi ikakataa kuniachia. Mchaguzi alikuwa mama mmoja wa Nairobi mwenye firimbi shingoni. Baada ya hapo hakuniangalia tena.

Wamemchukua Syombua. Wa pili ni msichana aliyetoka Kalamba. Mfupi kuliko mimi. Mfupi kuliko mimi! Anaruka kama ametupwa. Nilimpigia makofi kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga.

Mwalimu Kilonzo anasema nilipaswa kukimbia zaidi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekutana na Mama Mutua sokoni. Analalamika. Wiki ile ilikuwa zamu yake, alikuwa ameshanunua mahindi ya kupikia watu.

“Mama yako akakuja kuniomba tubadilishane. Asubuhi na mapema, nilikuwa sijakama ng'ombe hata. Nikamwambia haya, lakini mimi sikupenda.”

Nikamuuliza lini. Akafikiri. Jumanne ile ya mnada wa mbuzi. Yaani siku iliyofuata baada ya mimi kumwambia Mama kwamba nitapumzika. Nilikuwa nimempa siku zenyewe kwa mdomo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alinizaa.

Nilifika nyumbani nikamuuliza, nimesimama, bila hata kumsalimia. Hakukana. Nilitaka akane.

“Musyoka alisema wiki mbili,” akasema. Hivyo tu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Oktoba

Sijasema naye. Nachota maji, napika, napakua, naenda kulala. Gunia nimelipasua, mchanga nimeumwaga njiani.

Najua Musyoka alimwacha. Najua ni mjane na shamba ni kubwa. Najua yote hayo na bado nina hasira naye.

Jumapili, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri. Matuta mapya yameshika maji yote, hakuna hata tone lililotoroka na udongo. Mama alienda kuyaangalia. Mimi nilibaki.

Mchana Syombua alikuja kuaga. Anaondoka kesho. Anaogopa. Amesikia wasichana wa huko wanaruka, na urefu pekee hautamsaidia. Akaniomba nimfundishe mazoezi yangu. Nilifikiri kumnyima. Nilifikiri pia kumwambia akimbie.

Nimemwonyesha. Mzigo mabegani, kushuka polepole, kuinuka kwa nguvu, mara chache. Jiwe, mguu mmoja mmoja. Anashika haraka. Nikamwambia siku mbili kabla ya mechi asifanye kitu chochote.

“Na kama nimekuja nyumbani na kuna kazi?”

Nimemwambia siku hizo asikanyage nyumbani. Mama alikuwa hapo mlangoni, anachagua mbegu za mahindi. Alisikia. Aliendelea kuchagua.