Popi Yuko Sibwesa

Spès na Claude,

Ugali uko kwenye hotipoti, maharage mpashe. Nimewahi gari la Sibwesa, nitarudi kesho.

Asubuhi nyie mkiwa shule, Mwalimu Hilaria alikuja kumchukua mbwa wake. Amerudi safarini mapema. Nikamwambia Popi yuko kwa daktari wa mifugo. ~~Akija tena, na nyie semeni hivyohivyo.~~ Huo mstari nimeukata. Mwambieni kweli: mama alimpeleka Popi Sibwesa kwa mjomba akafukuze ngedere kwenye mahindi, na sasa amekwenda kumrudisha.

Nilimuahidi mwalimu kwamba mbwa wake atalala ndani, kwenye mkeka. Siku ya pili nikaona mbwa mzima analala tu, na mjomba analia na ngedere. Spès ulinikataza. Nilikujibu vibaya, nisamehe.

Claude, lile bango la “Tunatunza mbwa na paka wa wasafiri” litoe mlangoni. Uliliandika vizuri, kosa si lako.

Shuka jipya kwenye kiti ni la Popi. Mwalimu amemletea, akanishukuru kwa mikono miwili, akaniombea. Msiliguse. Mimi mwenyewe nimeshindwa hata kulikunja.

Mama yenu