Amplifaya ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Chai bila sukari tena. Upendo, mpangaji mwenzangu, kaficha kopo, eti anaionea huruma presha yangu. Mimba ni yake, presha ni yangu, kila mtu achunge chake.

Upepo wa Agosti hauna adabu. Vumbi linaingia hata dirisha likifungwa. Nimelifuta gita mara mbili.

Jioni nimepiga kidogo tu, mzee Lameki wa chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa fagio. Mhasibu mstaafu, hata kugonga anagonga kwa mahesabu. Ananiudhi. Lakini haki ni yake. Hii amplifaya ni ya bendi, wati mia, kazi yake kumbi za harusi, nami nimeipandisha ghorofa ya tatu kwenye chumba cha kitanda na mkeka. Ukiipunguza, sauti inakufa. Ukiiongeza kidogo, vikombe vinacheza kabatini.

Nitafute ndogo. Oktoba nyumba hii itakuwa na kichanga.

Jumatano, 6 Agosti

Baada ya kazi tumekwenda Majengo, mimi na Upendo. Sikumwalika. Mimba ya miezi saba na bado anataka kutembea. Duka lenyewe liko nyuma ya wauza mahindi. Alikaa juu ya gunia la mtu akala karanga za mtu, na mwenye gunia akamwongezea. Huyo ndiye Upendo. Mwalimu wa darasa la pili, watu wote kwake ni wanafunzi wazuri.

Nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza wati kumi na tano, spika ndogo, ina tundu la hedifoni. Ya pili haina spika kabisa, unaichomeka kwenye gita, ukubwa wa kiberiti. Ya tatu wati arobaini, ina kila aina ya mwangwi, muuzaji akaiita "ya nyumbani". Nyumbani kwa nani? Labda yeye anaishi porini.

Nilikuwa naitamani ya tatu. Naandika ukweli. Upendo akasema, "Dada Mwanaidi, tukishamlaza mtoto nani atathubutu kukunyamazisha? Chukua yenye hedifoni." Nikachukua ya kwanza na hedifoni kubwa, zile za kufunika sikio lote.

Tuliipakata kwenye bajaji kwa zamu. Akasema huyo ndiye mtoto wa kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane. Wengine wamekwenda uwanjani kutazama ng'ombe. Mimi nimeshinda nahamisha amplifaya.

Sakafuni haifai, besi inashuka kwa mzee Lameki. Juu ya stuli. Chini yake kipande cha godoro. Ukutani haifai, upande wa pili ni kitanda cha Upendo. Nimeielekeza dirishani, kwenye pazia zito. Kwa sauti ya chini inasema vizuri kuliko ile kubwa. Nyuzi nyembamba zinalia safi.

Halafu hedifoni. Sikutegemea. Dunia yote ikazimika, nikabaki mimi na vidole vyangu. Nikasikia makosa ambayo nimekuwa nayo tangu nikiwa msichana Kondoa, napiga gita la kaka kwa kuiba.

Nilipofungua macho Upendo yuko mlangoni anacheka. Anasema naonekana kama mtu anayekuna ubao. Anasema pia mtoto amezoea gita, sasa atashangaa. Nikamwambia atazoea na kimya. Kwenye nyumba ya kushirikiana kila mtu anazoea.

Jumapili, 10 Agosti

Kaka Bosko, kiongozi wetu wa bendi, amekuja kuchukua ile kubwa. Imerudi stoo ya bendi.

Mzee Lameki kanisimamisha kwenye ngazi, kanipa zabibu. Ananishukuru kwa utulivu. Ghafla mimi ni malaika.

Yohana kapiga simu kutoka Mtera. Ni mume wa Upendo, kazi yake iko bwawani kule, nyumbani anafika mwisho wa mwezi. Kaniagiza nimwangalie mkewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunalala ukuta mmoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Upendo yuko hospitali. Mtoto amekufa.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Jana mchana. Nilikuwa chumbani, nimefunga mlango, hedifoni masikioni. Nafanyia mazoezi wimbo wa harusi ya Ijumaa. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Upendo alikuwa bafuni. Damu ikaanza kumtoka. Akaita. Miguu ikakataa. Akagonga sakafu kwa kopo la kuogea, akagonga tena na tena. Chini mzee Lameki akasikia. Akadhani ni mimi napiga mguu kufuata mdundo. Akachukua fagio akagonga dari kujibu. Wakagongeana hivyo, mmoja juu, mmoja chini, na mimi katikati ya wimbo.

Nilitoka kwa kiu. Maji tu. Nikamkuta kwenye kizingiti cha bafu, ameegemea ukuta, kopo mkononi, macho wazi. Hakunilaumu. Alisema, "Dada, mtoto." Nikapiga kelele, ndipo mzee akapanda mbio, na umri wake wote. Tukambeba kwenye shuka. Kijana wa bajaji hakuuliza nauli.

Daktari anasema kondo la nyuma lilibanduka. Nikamuuliza, tungewahi je? Akasema pengine. Pengine hata hapo tusingemkuta. Nimebaki na hiyo pengine.

Alikuwa msichana.

Kwenye benchi la hospitali mzee Lameki alinieleza alivyogonga kwa fagio, akaniuliza kama ile kelele ya sakafuni ilikuwa mimi. Nikatazama sakafu. Akavua kofia, akaishika magotini mpaka tulipoitwa.

Jumanne, 19 Agosti

Yohana alifika usiku wa Jumapili. Leo kamuuliza mkewe mbele yangu, hukumwita mtu? Upendo akasema, "Ilikuwa ghafla. Sikupata hata nafasi ya kuita."

Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji. Ilikuwa zamu yangu ya kusema. Nikamimina uji.

Mimi ni mwoga. Sikujua.

Mtoto kazikwa jana na wanawake wa upande wa mume, kule kijijini kwao njia ya Mvumi. Hakuna tangazo, hakuna turubai, hakuna aliyepikiwa. Mama yake hakuwepo. Hajapewa jina.

Alhamisi, 21 Agosti

Upendo karudi nyumbani. Yohana kalazimika kurudi Mtera, kaacha mama yake. Mama Yohana kaja na unga wa uwele, karanga na maneno machache. Anamkanda mkwewe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Anampikia mlenda. Analala chini pembeni ya kitanda chake. Siwezi kusema ni mtu mbaya.

Lakini kaweka sheria. Mtoto ambaye hakulia, haliliwi. Ukimlilia unamfungia njia anayefuata. Majirani wakija waambiwe Upendo anaumwa tumbo.

Wameambiwa hivyo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, aliyejua, kasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikatamani kumfukuza. Maji!

Upendo anaitikia, anashukuru, anawasindikiza wageni mpaka mlangoni. Macho makavu. Maziwa yamekuja, kifua kimejaa, kimefungwa kwa kitenge. Anafagia sebule iliyokwisha kufagiwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Harusi imepigwa bila mimi. Nimemwambia Kaka Bosko naumwa. Hedifoni nimezitumbukiza kwenye mfuko, nimezisukuma chini ya kitanda. Nazichukia kama mtu.

Asubuhi nimemsikia Upendo ukutani. Siyo kulia. Mtu anayeanza kulia, halafu anajizuia. Kisha sauti ya mama mkwe, taratibu, "Basi. Basi, mwanangu. Meza."

Anameza. Nasikia anavyomeza. Sasa nasikia kila kitu.

Jumamosi, 23 Agosti

Mchana Mama Yohana alikuwa sebuleni anamenya karanga. Upendo kaingia chumbani kwangu bila hodi, kafunga mlango, kakaa kitandani. Nikajua sasa nitaambiwa. Nikajiandaa.

Akasema, "Washa hilo dude lako, dada. Bila hedifoni. Mpaka mwisho."

Sikuelewa. Akajifunika khanga usoni, akasubiri. Hapo nikaelewa.

Nikawasha. Nikafungulia mpaka kitufe kikagoma. Nikapiga kilichokuja kidoleni. Akalala kifudifudi akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, na nimekwenda misiba mingi. Ilitoka chini kabisa, kwenye tumbo lililobaki tupu.

Na amplifaya ikashindwa. Wati kumi na tano. Niliinunua kwa adabu, ya kutomsumbua mtu, na sasa sauti yake yote haikutosha kumfunika mwanamke mmoja. Mama Yohana akagonga mlango. "Kuna nini humo?" Upendo akameza. Akainuka, akafuta uso, akasema anajifunza wimbo.

Nimelitazama lile sanduku dogo nikaona aibu. Kesho nakwenda stoo.

Jumapili, 24 Agosti

Kaka Bosko hakuuliza mengi. Alinitazama usoni, akanipa ile kubwa, akaniambia niirudishe kabla ya Ijumaa. Dereva wa bajaji kanisaidia kuipandisha. Tumepumzika kila ghorofa.

Mzee Lameki alitoka kuona. Nikamwambia, shikamoo mzee, leo nitakukera. Akaitikia marahaba. Akaitazama ile amplifaya, akanitazama mimi. "Kera tu, binti," akasema, akashika upande mmoja tukapanda naye.

Safari hii nimeiweka sakafuni. Mgongo ukutani. Kila kilichokatazwa.

Mama Yohana yuko sebuleni na sinia lake. Upendo kaja baada ya ibada, katoka kanisani na gauni jeupe. Nikawasha wati mia. Dirisha likatetemeka. Nikaanza sebene, ile ya mwisho wa harusi, watu wanapotunza maharusi. Ndiyo pekee ninayoweza kuipiga bila kufikiri, na haina mwisho ukiamua isiishe.

Akalia. Safari hii sikumsikia. Nilimwona mgongo unavyopanda na kushuka. Alikuwa anasema kitu, anakirudia, midomo kwenye mto. Nadhani alikuwa anamwita mtoto. Nadhani alimpa jina. Sikulisikia na halikuwa langu.

Nikikaribia mwisho wa mzunguko naogopa kimya, narudia mwanzo. Wiki nzima gita nimelishika mara moja tu, vidole vimechubuka. Sikuacha. Niliacha aliponishika mguu.

Akalala palepale. Nikamfunika.

Nikatoka kwenda kunywa maji. Sebuleni sinia la karanga limejaa maganda na karanga zisizomenywa, vimechanganyika. Mama Yohana amekaa sakafuni, ushungi umelowa, macho mekundu. Hakuuficha uso. Nilisimama sijui nisalimie au nipite.

Akasema, "Mimi wangu walikuwa wawili. Kabla ya Yohana."

Nikakaa chini karibu naye. Tukatenga maganda. Sinia lilipokwisha akaniuliza kama kesho nitapiga tena.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimepiga tena. Wote wawili chumbani kwangu, mlango wazi. Upendo alikilaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Watu wa ghorofa ya pili wamelalamika kwa mlinzi. Mlinzi kapanda, kafika mlangoni, kashuka.

Jumatano, 27 Agosti

Mama Yohana kaondoka alfajiri. Kaniachia unga wote uliobaki. Kanishika mikono, kageuza viganja, kaona vidole.

Amplifaya imerudi stoo jioni. Kazini faili zimejaa mezani, masijala nzima inanisubiri mimi. Afadhali.

Jumamosi, 30 Agosti

Upendo amehamia Mtera kwa mumewe. Ameomba uhamisho wa shule, ukikataliwa ataona. Hataki tena kulala mbali na mtu wake. Ni sawa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Asubuhi tulikunja nguo zake pamoja. Zile ndogo, alizonunua mapema kinyume na ushauri wa kila mtu, alizikunja mwenyewe. Tulikuwa kwenye shuka la mwisho, kila mmoja kashika ncha zake, aliposema, "Nilikuita, dada."

Nikasema, "Najua."

"Nilikuita sana."

"Sikusikia, Upendo."

"Najua hukusikia."

Tukakunja shuka. Tukakutana katikati, akachukua ncha zangu, akaliweka juu ya mengine. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Basi lilichelewa kuondoka, akaninunulia zabibu kupitia dirishani, tukala. Alipunga mkono.

Nimerudi. Chumba chake kina kitanda kitupu na alama ya kalenda ukutani. Nimekaa pale sakafuni, mlango wazi, dirisha wazi. Nimelia mpaka adhana ya alasiri. Sikuwasha kitu. Waliosikia wamesikia.